Bodi ya Mizani Ichukue Saa Wapi?

Hoja: Chama kimoja cha ushirika cha pamba (AMCOS) kinataka bodi ndogo ya elektroniki itakayosoma mizani ya kidijitali na kuingiza uzito kwenye kompyuta ya ofisi kwa waya wa USB. Je, mikrokontrola ya bodi hiyo ibebe kristali yake, au itegemee saa iliyo ndani ya chipu? Wanaosema ni fundi wa redio na simu wa Zagayu, mhandisi wa elektroniki kutoka Mwanza, karani wa chama, na mkulima.

FUNDI: Tusizunguke, kristali ibaki. Ni kibati chenye miguu miwili, pembeni yake kapasita mbili za pikofaradi 22, basi. Mgongoni kimeandikwa 8.000, hata kijana ninayemfundisha anasoma. Kikifa nakichomoa, nalehemu kingine. Hiyo saa ya ndani mnayoisifu, ikigoma, nitaichomoa wapi?

MHANDISI: Mzee, wewe unawaza kutengeneza, mimi nawaza isiharibike. Bodi hii itakaa ghalani. Itaanguka kwenye sakafu ya saruji, itagongwa na magunia. Ndani ya hicho kibati mna kipande chembamba cha kwatzi, na kikipata mshtuko mkubwa kinaweza kupasuka. Siku hizi zipo chipu zisizohitaji kristali kwa kazi ya USB: STM32F042, STM32F072, na nyingine za makampuni mengine. Vipande vitatu vinaondoka kwenye bodi na gharama inashuka.

FUNDI: Saa ya ndani hata F103 inayo, ile ya bodi ya bluu iliyojaa Kariakoo. Megahezi nane. Unaigawa kwa mbili, unaizidisha kwa 12 kwenye PLL, unapata 48, na 48 ndiyo USB inayotaka. Vijana wameniletea bodi walizozipanga hivyo. Mizani inasomeka vizuri, lakini ukiichomeka bodi kwenye kompyuta unaambiwa kifaa hakitambuliki. Sasa unataka nirudi huko huko?

MHANDISI: Hapo niko upande wako. Hesabu ya vijana ni sahihi, nne mara 12 ni 48. Ubovu uko kwenye ile nane yenyewe. Hati ya F103 inasema kwamba saa hiyo, hata baada ya kurekebishwa kiwandani na ikiwa kwenye nyuzi 25 za joto, inaweza kupungua kwa asilimia 1.1 au kuzidi kwa asilimia 1.8. Joto likipanda au kushuka, mpaka huo unatanuka. USB ya megabiti 12 kwa sekunde inavumilia robo ya asilimia, 0.25 tu. Na PLL haisafishi kosa, inalibeba kama lilivyo. Ukiipa nane iliyopotoka kwa asilimia moja, nayo inakupa 48 iliyopotoka kwa asilimia moja.

KARANI: Mbona basi mizani ilisomeka? Si saa ni ile ile?

MHANDISI: Mizani inaongea polepole, karani. Biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi inatanguliwa na ishara yake ya kuanza. Anayepokea anajipanga upya kila baada ya biti kumi hivi. Pande mbili zikitofautiana kwa asilimia mbili bado zinasikilizana. Kwenye USB biti moja inadumu nanosekunde 83, na chipu inaichungulia mara nne ndani ya muda huo. Ndiyo maana ya ile 48: ni 12 mara nne. Ukimaliza kupokea unatakiwa ujibu, tena kwa mwendo ambao kompyuta itakubali ni wa 12 kweli.

FUNDI: Umenifanyia kazi yangu, binti. Kristali ya kawaida inakosea sehemu 30 kwa milioni, yaani asilimia 0.003. Ugomvi umekwisha. Megahezi nane mara tisa ni 72, hiyo ya chipu. Gawa kwa moja na nusu unapata 48, hiyo ya USB. Kazi imekamilika na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Bariadi mjini.

MHANDISI: Ungekuwa umekwisha kama kungekuwa na njia moja tu ya kupata usahihi. Unaikumbuka Digispark, ile bodi ndogo yenye ATtiny85?

FUNDI: Naijua. Inaingia yenyewe kwenye tundu la USB.

MHANDISI: Ina kristali?

FUNDI: Haina. Lakini ile inatumia USB ya polepole, megabiti moja na nusu, ambayo inaruhusu kosa la asilimia 1.5. Usinitege.

MHANDISI: Sikutegi, mzee. Hata hiyo asilimia 1.5 saa yake ya ndani haina uhakika wa kuifikia bila msaada. Inachofanya programu yake ni kusikiliza kompyuta. Kila milisekunde moja kompyuta hutoa ishara kwenye waya. Programu inahesabu mapigo yake kati ya ishara na ishara, inajua imekimbia au imechelewa, inajirekebisha mpaka ikae kwenye megahezi 16.5. STM32F072 inafanya jambo hilo hilo kwa maunzi, bila programu kuhangaika. Ina saa ya ndani ya 48. Kati ya ishara mbili za kompyuta lazima yapite mapigo 48,000. Yakizidi, kuna rejista inayoishusha kwa hatua ndogo, kama asilimia 0.14 kila hatua, yakipungua, inaipandisha. Ni kama mchezaji wa Bagalu, hana haja ya kuwa na saa mkononi wakati ngoma inapigwa mbele yake.

FUNDI: Maneno matamu. Lakini kabla hajaisikia ngoma anachezaje? Umesema saa ya ndani imepotoka. Sasa chipu iliyopotoka itaisikiaje hiyo ishara ya kwanza ili ijirekebishe?

MHANDISI: Swali zuri, wengi hawafiki hapo. Ishara yenyewe ni fupi mno, biti thelathini na kidogo, na haidai jibu. Halafu USB ina kanuni kwamba zikifuatana moja sita, lazima iingizwe sifuri. Kwa hiyo waya haukai kimya muda mrefu bila kubadilika, na kila ukibadilika mpokeaji anajisogeza. Kusikiliza kwa saa mbovu kidogo kunawezekana. Kinachoshindikana ni kujibu. Na kompyuta haiulizi swali la kwanza papo hapo, baada ya kuamsha mstari inaacha milisekunde kadhaa zipite. Chipu inapoulizwa imeshajipanga.

FUNDI: Sawa, tuseme imejipanga. Ofisi ikifungwa jioni, karani akachomoa laptopu akaondoka nayo, ngoma imenyamaza. Bodi imebaki na betri ghalani na kuna gari linapakia. Inacheza kwa mdundo gani?

MHANDISI: Inabaki na marekebisho ya mwisho iliyopewa, na kuanzia hapo inatangatanga kulingana na joto.

FUNDI: Karani, umesikia? Inatangatanga. Hiyo ndiyo itakayoandika saa ya kila mzigo. Asilimia moja ya siku nzima ni sekunde 864. Dakika 14 na ushee, kila siku. Wiki mbili za msimu, mzigo wa asubuhi unaonekana umepimwa mchana.

KARANI: Hilo kwangu ni kubwa kuliko USB yote mliyoisema. Mkulima akija kulalamika, kitu cha kwanza tunachokitazama ni tarehe na saa kwenye risiti. Risiti na kitabu visipolingana mimi ndiye mwizi.

MHANDISI: Saa ya ukutani haichukuliwi kwenye saa ya chipu, karani. Hata mzee kwenye bodi yake ya kristali asingefanya hivyo, maana bodi ikizimwa kila kitu kinasahaulika. Kuna sehemu ya pekee kwa kazi hiyo, inalishwa na kijibetri cha mviringo, na inatumia kristali ya saa za mkononi, hezi 32,768. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni chini ya sekunde mbili kwa siku. Joto la ghala likifika nyuzi 45, inachelewa sekunde nyingine moja na kidogo. Msimu mzima hamtaona tofauti ya kugombania.

FUNDI: Kristali.

MHANDISI: Ndiyo, ya saa.

FUNDI: Nimesikia neno kristali. Tulitoka kwenye bodi isiyo na kristali, sasa tuna bodi yenye kristali ndogo zaidi, nyembamba zaidi, ambayo mimi na miwani yangu siwezi hata kuisoma. Na hii haianguki ghalani?

MHANDISI: Inaanguka. Lakini hii ikifa mnapoteza saa ya risiti, USB inaendelea. Ya kwako ikifa, vyote vinakufa.

FUNDI: Havifi. Hiyo F103 unayoidharau ina mlinzi wa saa ndani yake. Kristali ikisimama, chipu inarudi yenyewe kwenye ile saa ya ndani ya nane na kumpigia kelele mwandika programu. Mizani inaendelea kusomwa, uzito unahifadhiwa, USB tu inasubiri.

MHANDISI: Kama mwandika programu amemsikiliza. Mlinzi huyo lazima awashwe, na wengi hawamwashi. Programu nyingi zinapoanza zinasubiri kristali iwe tayari bila kikomo cha muda. Kristali imekufa, basi bodi nayo inasubiri mpaka kiyama, na ninyi mnasema chipu imeungua. Hata mlinzi akiwashwa, saa inashuka kutoka 72 hadi nane, na upande unaolisha mstari wa mizani unashuka kutoka 36 hadi nne. Usipobadilisha kigawanyo cha ule mstari papo hapo, hata 9,600 yako si 9,600 tena. Mizani inaongea, bodi inasikia takataka.

(Mwandishi: hapa fundi alistahili kupewa zamu zaidi. Kosa analosemewa si la kristali wala la fundi, ni la mtu aliyeandika programu na hayupo kwenye mjadala.)

FUNDI: Aandike vizuri, basi. Mimi nabeba lawama za kulehemu, siwezi kubeba na za kuandika.

MHANDISI: Za kulehemu pia zipo, mzee, samahani. Kristali ya nane ikikosekana unaweka ipi?

FUNDI: Naitafuta. Flashi zilizokufa zimejaa za 12.

MHANDISI: Ndiyo hiyo. Programu imeambiwa izidishe kwa tisa. Ukiweka 12, mara tisa ni 108, na F103 mwisho wake ni 72. USB inapata 72 badala ya 48. Ikiwaka ni bahati, kompyuta haitaitambua hata siku moja, na kibati unachosema kila mtu anakisoma ndicho kitakachokudanganya, kwa sababu kiko sawa na kinapiga 12 zake safi. Saa haiko kwenye kibati peke yake. Nusu yake iko kwenye programu.

FUNDI: Sasa umefika ninapotaka. Ningezidisha kwa sita ikarudi 72! Kujua najua. Lakini ninyi mnaifunga programu. Bodi inakuja imefungwa, haisomeki, haina karatasi. Nikipiga simu naambiwa rudisha kiwandani. Kiwanda kiko wapi kutoka Zagayu? Kristali niliitetea kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sehemu 30 kwa milioni. Ndiyo sehemu pekee ya saa yenu mliyoniachia mkononi.

MHANDISI: Kuifunga kuna sababu yake. Hatutaki mtu abadilishe namna uzito unavyoandikwa.

FUNDI: Uzito fungeni. Kizidishio cha saa kina siri gani?

MHANDISI: Vimo ndani ya faili moja, mzee.

FUNDI: Vitenganisheni. Hiyo kazi yenu.

KARANI: Ngojeni kwanza, nami nina langu. Mnavyosema utadhani kila kompyuta ikikataa ni saa. Waya niliopewa mara ya kwanza ulikuwa mrefu kutoka dirishani mpaka mezani, na bodi ilikuwa ikionekana na kupotea. Ulipobadilishwa ukaja mfupi, ikatulia. Hiyo nayo ilikuwa kristali?

MHANDISI: Hiyo haikuwa saa. Kwa kasi hii waya usizidi mita tano, na waya mwembamba wa bei rahisi unachoka kabla ya hapo.

FUNDI: Na ile bodi ya bluu ina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Rezista inayoitambulisha kwa kompyuta inatakiwa kuwa ya kiloomu moja na nusu, nyingi zimekuja na ya kumi. Nabandika ya 1.8 juu yake, mbili kwa pamoja zinakaribia 1.5, inatambuliwa. Wengi wameitukana saa kwa kosa la rezista.

MHANDISI: Kweli kabisa. Na chipu yenyewe mara nyingine si ile iliyoandikwa juu.

MKULIMA: Wanangu, nimewasikiliza. Swali langu ni moja. Hiyo saa ikipotoka, kilo zangu zinapotoka?

MHANDISI: Hapana, baba. Uzito unapatikana ndani ya mizani, ile iliyokaguliwa na kufungwa lakiri na Wakala wa Vipimo. Bodi yetu inapokea namba iliyokwisha kupatikana.

MKULIMA: Namba ikiwa njiani haiwezi kubadilika? Nimepima 86, ikafika 80?

MHANDISI: Kwenye USB ni vigumu sana. Kila paketi ya data inabeba hesabu ya kuhakiki ya biti 16. Isipolingana, paketi inatupwa na kurudiwa. Saa ikiharibika kabisa, USB inanyamaza. Haikuletei uongo.

MKULIMA: Hiyo ni ya bodi kwenda kompyuta. Ya mizani kwenda bodi?

MHANDISI: Hiyo... haina hesabu ya namna hiyo. Mizani nyingi zinatuma herufi tupu, pengine na biti moja ya ukaguzi, pengine hata hiyo haipo.

FUNDI: Eeh.

MHANDISI: Ni kweli. Huo ndio mstari ambao saa ya ndani iliyopotoka kwa asilimia mbili inautumia ukiwa pembeni mwa shimo. Mizani nayo ina saa yake na kosa lake. Makosa mawili yakijumlika, au kelele za jenereta zikiingia kwenye waya, herufi inaweza kuharibika. Chipu inaweka alama kwamba herufi haikuisha inavyotakiwa, lakini programu isiyoiangalia alama hiyo inapokea tu.

MKULIMA: Kwa hiyo mmegombana mchana kutwa juu ya waya usioweza kunidhulumu.

KARANI: Na unaoweza hakuna aliyeutaja.

FUNDI: Mimi nautaja sasa. Kristali inasaidia kwenye mstari huo pia. Upande wetu kosa linakuwa karibu na sifuri, mizani inabaki na lake peke yake.

MHANDISI: Na saa inayorekebishwa na kompyuta inasaidia vile vile, maadamu kompyuta imechomekwa. Ikichomolewa, chipu yangu inaweza kujirekebisha kwa ile kristali ya hezi 32,768 badala ya ishara za USB. Imetengenezwa kukubali chanzo hicho. Lakini kwa swali la baba, hakuna saa itakayotosha peke yake. Mizani hurudia namba ile ile mara nyingi kwa sekunde, na nyingi zinaweka alama ya kusema uzito umetulia. Programu isikubali namba mpaka ione imetulia, na ije sawa sawa mara tatu mfululizo. Herufi yenye alama ya kasoro, mstari mzima utupwe.

MKULIMA: Na ikitupwa nitajua?

MHANDISI: Taa nyekundu itawaka. Utapima tena mbele ya macho yako.

KARANI: Haya, mimi ndiye ninayeandika barua ya kuagiza, kwa hiyo nisikilizeni. Bodi ikiwashwa, mstari wa kwanza inaotuma kwenye kompyuta useme inatumia saa gani: kristali, ya ndani iliyorekebishwa, au ya ndani iliyoachwa peke yake. Nikipiga simu Mwanza nisome mstari huo, nisiulizwe maswali ya taa inawaka rangi gani. Pili, kusubiri kristali kuwe na kikomo. Tatu, karatasi ndani ya kifuniko: chanzo, kizidishio, kigawanyo cha USB, kigawanyo cha mstari wa mizani.

FUNDI: Na programu?

MHANDISI: Sehemu ya saa nitaitenga, nitaitoa. Ya uzito inabaki imefungwa. Hapo sisogei.

FUNDI: Hiyo ya uzito sijaidai. Lakini kristali sijaiachia. Chipu yako ya F072 nitaipata wapi ikiungua katikati ya msimu? Ya bodi ya bluu inakuja na basi kutoka Mwanza kesho yake.

MHANDISI: Nitaacha chipu mbili za akiba kwa karani, zimeshawekwa programu. Kristali sibandiki, mzee. Nimekwambia sababu.

FUNDI: Usibandike. Acha nafasi yake.

MHANDISI: Nafasi ipi?

FUNDI: Matundu mawili ya kristali na vituo vya kapasita zake, vitupu. Na programu yako ikiwaka ichungulie kwanza: ikikuta kristali ya nane iitumie, isipoikuta iende kwenye ya ndani. Sikuombi uibandike. Naomba usinifungie mlango.

MHANDISI: Inawezekana. Kwenye F072 ya miguu 48, kristali inaingia mguu wa tano na wa sita, na bodi yetu haitumii hata mmoja. Nitaiacha wazi yote miwili.